Nilimsingizia Mgonjwa kwa Picha Niliyoharibu Mimi

Nilikosa, na sitafuti mtu wa kunitetea. Roho yangu haitulii, nikiketi nasimama, kwa hivyo wacha niseme.

Miaka ya tisini nilikuwa mpiga picha wa mtaani huku Njiru. Nilikuwa nimepata kamera inayojitafutia fokasi yenyewe, ule ukali wa picha, nikajiona fundi kweli. Jamaa aliyeniuzia alinionya: "Hii inaangalia kile kiko katikati tu. Watu wakiwa wawili, lenga uso wa mmoja kwanza, bonyeza kitufe nusu, shikilia, halafu ndio urudi katikati upige."

Siku moja jirani yangu, Mama Nduku, akaniita. Dada yake mkubwa, Kalekye, alikuwa ametoka Kitui kuja kutibiwa. Mikono yake ilikuwa ikitetemeka kwa ugonjwa. Hao wawili hawakuwa wamewahi kupigwa picha pamoja.

Niliwaketisha kwenye kochi, pazia nyuma yao. Nilikuwa na harusi mtaa wa Fedha na nishachelewa. Sikulenga uso wa mtu yeyote. Nilibonyeza mara mbili, nikatoka mbio.

Picha zilipooshwa, maua ya pazia katikati yao yalionekana mpaka nyuzi. Nyuso mbili zilikuwa ukungu mtupu. Nilijua pale pale kosa ni la nani.

Nilipozipeleka, Mama Nduku aliuliza, "Mbona hivi?"

Nikamjibu, Mungu anisamehe, "Ni dada yako. Alitetemeka."

Kumbe Kalekye alikuwa hapo nyuma yake. Alificha mikono ndani ya leso. "Pole, mwanangu," akaniambia. "Nimekuharibia filamu."

Mtu mgonjwa akaniomba msamaha mimi! Na nikaupokea, nikaondoka na picha zile.

Hakumaliza miezi miwili, akafariki. Mama Nduku alikuja kuuliza kama nimebakisha negativu yoyote, hata ile mbaya, angalau apate picha ya matanga. "Nilimwitia mpiga picha mwingine mara mbili," akasema. "Dada akakataa. Alisema atamharibia kazi."

Nikamwambia ukweli. Hakunitukana. Alisema tu, "Ungesema hivyo siku ile, angeketi tena."

Tangu hapo tukikutana kwa mfereji anageuza uso.

Wewe unayepiga watu picha, usiiachie kamera ikuchagulie. Lenga uso, bonyeza nusu, ngoja. Na ukiharibu, sema umeharibu wewe, mwenye picha akiwa bado anaweza kuketi tena.