Swali la Isidore

Kila Mama Constance alipofunga fichier, yaani faili ya majina ya watu waliopotea, Isidore alimuuliza swali. Isidore mwenyewe hayupo, mwaka wa pili sasa. Lakini kwenye kioo cha ordinateri, kompyuta yake ya kazi, maneno yake yalitokea: "Mama Constance, ulisha kuhifadhi? Majina hii ni bantu." Chini yake vifungo viwili, NDIYO na HAPANA. Kila mara alibonyeza NDIYO kwa hofu.

Kosa lilikuwa lake, tusimfichie. Siku moja pale bureau, ofisi yao ya mji wa Baraka, alifunga kwa haraka bila kuhifadhi, majina arobaini ya watu wa Bibokoboko, kule milimani, yakapotea. Maji yakimwagika hayazoleki. Isidore, mwenzake wa kazi, alicheka tu: "Bamama ya Baraka, haraka ya nini?" Akaandika makro, amri ndogo ya kuuliza lile swali, kisha akachukua moto, pikipiki ya kazi, akapanda milimani kuyakusanya upya. Hakushuka tena.

Hata hivyo Constance hakumuandika kati ya waliopotea. Kwake, kumuandika ni kumzika, na aliyemtuma kaburini ni yeye.

Alhamisi mke wa Isidore, Nadège, akaingia, hata kiti akakataa.

"Liste ya majina inapanda Fizi kesho, kwa wakubwa wenye kutafuta bantu. Mwenye hayuko ndani, hawatamutafuta. Bwana yangu iko wapi?"

"Dada, mi naogopa."

"Weye unaogopa! Na mi ninalala na nani? Andika!"

Akaandika, mstari wa mia mbili na kumi na mbili. Nadège akasoma, akatoka. Constance akafunga. Swali likatokea. Akabonyeza HAPANA, kisha akalia kwa aibu.

Ijumaa asubuhi Eddy, fundi wa ordinateri, alikuja kuchapisha liste. Constance akafungua fichier. Mstari wa mia mbili na kumi na mbili: Isidore.

"Yesu wangu! Mi nilikataa! Nilibonyeza HAPANA!"

Eddy akafungua makro, akasoma polepole, akatikisa kichwa.

"Huyu muntu alikujua, mama. NDIYO inahifadhi. HAPANA nayo inahifadhi. Hakukuachia njia ya kupoteza muntu."

Constance akacheka, kicheko kikageuka kilio, Eddy hakujua amshike au amwache. Karibu miaka miwili alikuwa akiogopa kifungo kisichoweza kumdhuru mtu.

Karatasi zikatoka. Aliyepanda kutafuta majina arobaini, sasa anapanda Fizi yeye mwenyewe, kama jina. Constance akazibeba mpaka kwa Nadège kwanza, akamwonyesha mstari kwa kidole.