Nyangumi Sikioni mwa Mjomba

Juzi sokoni Majengo, muuza karanga alinionyesha kwenye simu yake mzamiaji akielea kando ya nyangumi. Nikamkumbuka mjomba, mzamiaji pia, nilipokuwa mtoto, aliporudi kwetu Nkuhungu kutoka baharini na sikio bovu lililonuka mafuta ya karafuu.

“Nyangumi alipita karibu yangu akiimba,” aliniambia. “Hajanyamaza mpaka leo. Hebu sikiliza.”

Nilidhani yumo humo ndani. Nikabana sikio langu kwenye lake.

“Anaunguruma, mjomba!”

Mama akaacha kukoroga mlenda. “Kaka, usirudi huko, nakuomba.”

“Ananiita, dada.”

Alirudi baharini, hatukumwona tena. Sasa najua mvumo ule ulikuwa wa damu yangu mwenyewe. Lakini katika mji wowote ninamolala, nikilalia sikio langu lile huusikia, na sijui kama ni nyangumi au mjomba.