Mkaguzi Alikuja Mwezi wa Ramadhani

Shule yangu mimi iliishia darasa la tatu, kwa hivyo mkiona maneno yamekaa upande msinicheke, naandika kama ninavyosema. Lakini shuleni nilikaa miaka mingi kuliko wengi waliosoma, maana nilikuwa mpishi. Uji saa nne, mahindi na maharage mchana, na sufuria ambayo ungeweza kumwogesha mtoto ndani yake. Sekondari yenyewe ilikuwa ya kutwa, ukitoka Malindi kama unakwenda Sabaki.

Ulipokuja ule mtindo mpya wa masomo, wa nane nne nne, tuliambiwa kila mtoto lazima ajue kazi ya mikono. Wavulana wakapewa mbao na misumari. Wasichana wakapewa stoo ya viti vibovu, ikapakwa chokaa, ikaitwa chumba cha sayansi ya nyumbani. Bomba hakuna. Popo tuliwatoa, wakarudi, tukawaachia ile pembe yao.

Mwalimu aliyeletwa alikuwa msichana wa bara, mdogo, jina lake la kwao lilinishinda kulitamka nikawa namwita Mwanangu Mwalimu. Hajapata kuona nazi ikikunwa. Siku ya kwanza alikaa juu ya mbuzi ya kukunia, akakwangua kidole. Nilimpenda kwa sababu hakujua kujifanya. Asilolijua aliuliza, alilolijua alifundisha mpaka sauti ikakauka. Mwalimu mkuu akanitoa jikoni kwangu nikishapakua chakula cha mchana nikamsaidie kuwasha makaa na kuteka maji.

Na yeye alijua mengi, nisiwadanganye. Aliwafanya wasichana wachore jiko kwenye karatasi kabla ya kuligusa, wapime, wafute, wachore tena. Kisha wakalitengeneza, tanuri la debe la mafuta, makaa juu na makaa chini. Keki ya kwanza ilitoka nyeusi upande mmoja na mbichi upande wa pili. Tukaila. Wakati ule keki ilikuwa haitupwi. Marehemu mume wangu nilimpelekea kipande, alikuwa kibarua wa chumvi huko Gongoni, akaniambia, "Hii mmeipika au mmeiokota?" Lakini naona nimeshatoka njiani.

Jambo moja Mwalimu alilishika kama sala, kuonja. "Kijiko safi, onja, weka kando! Mpishi asiyeonja anawabahatishia watu matumbo yao." Wasichana wakawa wanaonja mpaka maji ya moto.

Basi siku moja mwalimu mkuu akaja kusimama mlangoni, akasema mkaguzi anakuja kutazama chumba. Akiridhika, somo litabaki na wasichana watalifanyia mtihani wao. Asiporidhika, stoo inarudi kuwa stoo, wasichana watapewa somo jingine, na Mwalimu atahamishwa. Alilisema polepole, na kusema kweli sidhani alihuzunika, maana makaa yetu yalikuwa yanamuudhi. Mwalimu alikaa juu ya gunia la makaa na nguo yake nyeupe. "Mama," akaniambia, "wakinihamisha sasa, nitakuwa nimewafundisha hawa watoto nusu ya kitu."

Alihangaika na vyombo, na vitambaa vya kichwa, na kucha. Kalenda hakuiangalia. Kwao Ramadhani haibadilishi chochote jikoni. Mimi niliyefunga ndiye niliyepaswa kumwambia, lakini wallahi hata mimi haikunijia, maana kupika huku nimefunga ni jambo la kila mwaka, halinishtui.

Mkaguzi alikuwa mama mnene mwenye buibui, uso wa kiserikali. Tukamwamkia shikamoo darasa zima, akaitikia marahaba kwa pua. Akatazama juu, akawaona popo, akaandika neno kwenye daftari lake. Kisha akanyoosha kidole: "Wewe, wewe na wewe. Samaki wa nazi, chungu kimoja. Sitaki maneno kati yenu. Kila mtu ajue kazi yake."

Darasa lile lilikuwa na Wagiriama, na watoto wa watu wa bara, na wa kwetu. Mkono wa mkaguzi ukaangukia wa kwetu watupu, watatu, wote wamefunga.

Hapo ndipo nilipoona shimo tulilochimba. Kwetu mwezi wa Ramadhani chungu huonjwa na mtoto ambaye hajafika kufunga. Humwita tu kutoka uani, "Hebu njoo utie ulimi." Hawa wasichana hawajapata kupika Ramadhani bila yule mtoto. Wako wasemao kwamba mpishi akigusa kwa ncha ya ulimi akatema, funga yake haina neno. Sawa, lakini utatema wapi, jikoni, mbele ya mkaguzi aliyekuja kutazama usafi?

Na mtia chumvi katika mpango wa Mwalimu alikuwa ndiye mwonjaji. Sasa mwonjaji hayupo, na chumvi haina mwenyewe. Mmoja alikuwa anakamua tui kwenye kifumbu, akatazama chungu, akatia chumvi ukufi mmoja. Wa pili alikuwa amegeuka anakata ndimu, hakumwona. Akarudi, akatia. Wa tatu, mrefu, binti wa muuza mabuyu, akaja na kijiko chake cha kupimia, akatia naye. Na chumvi yenyewe ni ile ya mawe niliyoileta mimi kutoka Gongoni, kali kama ulimi wa mke mwenza.

Nikaona mikono yote mitatu. Mdomo umefungwa kwa amri ya serikali. Nikakohoa. Mkaguzi akasema, "Mpeni mama maji." Kisha akakumbuka mwezi, akasema, "Basi, mwacheni."

Wakafika pa kupakua. Mkaguzi akauliza kwa kuwapima, "Mbona hakuna aliyeonja? Kitabu chenu hakikusema muonje?" Mwalimu akashika meza, na nadhani ndipo kalenda ilipomfikia.

Yule mrefu akaweka upawa chini. "Bi, samahani, naomba kusema. Sisi tumefunga. Mimi nimetia chumvi, na hawa nilivyowaona mikono yao ina chembe za chumvi. Nafikiri tumetia sote. Hiki chakula msikile kabla ya kuonjwa."

Popo wakasikika. Mkaguzi akavua miwani. "Hata mimi nimefunga," akasema. "Mwalimu, onja wewe."

Mwalimu akachukua kijiko safi. Mimi moyoni nikamwambia sema tamu, mwanangu, sema tamu uokoke, nani atajua mpaka magharibi? Akaonja. Macho yakamjaa maji. "Imezidi," akasema. "Imezidi sana, Bi. Kosa ni langu, sikuwapangia namna ya kupika wakiwa wamefunga."

Msichana mmoja wa Kigiriama, wa huko Adu, akasema kutoka nyuma, "Huyo samaki si angebaki tu baharini?" Darasa likaangua kicheko, wakaziba midomo, wakaangua tena. Na yule mama wa serikali mabega yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akajifuta kwa ukingo wa buibui.

"Mwaka niliozaa kifungua mimba," akasema, "tulipika biriani la futari mimi na mawifi wawili. Kila mmoja alitia chumvi, na mama mkwe akapita naye. Baba mkwe alikula tonge moja, akamaliza mtungi." Akamgeukia yule mrefu. "Unarekebishaje?"

"Naopoa samaki, Bi, namwaga nusu ya mchuzi, nakamua tui jipya bila chumvi, natia na viazi."

"Haya, basi. Nilichotaka kuona nimekiona. Mikono safi, moto mzuri, na watoto wanaosema kosa lao kabla ya mlaji kulikuta. Mwalimu wao naye vilevile." Akamwita mwalimu mkuu pale pale, akamwambia chumba kibaki, Mwalimu abaki, na bomba litafutwe. "Na popo," akasema, "popo watoke." Mwalimu mkuu akaitikia kila neno, mikono nyuma.

Mwalimu akaenda nyuma ya chumba. Nikamfuata. Alikuwa ameegemea ukuta anapumua kama mtu aliyetuliwa pipa la maji kichwani. Hakulia. Akaniuliza, "Mama, magharibi ni saa ngapi?"

"Ya nini? Wewe hukufunga."

"Sijala tangu jana, kwa woga. Nitangoja na nyinyi."

Tukangoja. Mkaguzi naye hakwenda. Alikaa juu ya mbuzi ya nazi akawakunia wasichana nazi ya lile tui jipya, mkono mwepesi kama hana cheo. Adhana ikalia, tukatia tende kinywani na maji, kisha tukakizunguka chungu juu ya mkeka, waliofunga na wasiofunga. Chumvi bado ilikuwa kali, wala viazi havikusaidia kitu. Mwalimu alikula mpaka mchuzi ukamfika kwenye kiwiko, akauliza kama nyumbani kwangu iko nazi ya kuazima, maana kesho ana kidato cha kwanza.