Sufuria Niliyoisugua

Siku hizi, nikiwa nyumbani kwangu Al Khoudh, viungani mwa Maskati, redio ikitangaza habari za samaki wa mtoni walioingiwa na zebaki au risasi, na watu walioumwa kwa kuwala, huinuka nikaizima. Wanangu hunicheka, wanadhani naogopa maradhi. Siogopi, naona haya. Samaki hao waliharibiwa na viwanda. Wangu alitoka baharini mzima, na madini nikamtia mimi.

Nilifika Maskati mwaka 1965 kutoka Unguja, bado bibi harusi. Mume wangu akanikabidhi kwa mama yake, kisha akaenda Kuwait kutafuta riziki, kama wanaume wengi wa Maskati wakati ule. Mama mkwe aliwahi kuishi Unguja ujanani, kwa hiyo tulisikilizana. Majirani lakini walinipandisha na kunishusha kwa macho. Nilikuwa yule Mzinjibari ambaye Kiarabu chake kinachekesha. Kwetu, baada ya mapinduzi, hakukuwa tena na pa kurudi. Mama mkwe akinichoka, sikuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Mtu wa hali ile angenyenyekea. Wapi! Kiburi changu nilikuja nacho chote. Jiko la watu nikaanza kulitia kasoro, na kilichoniudhi zaidi ni masufuria yao ya shaba. Nje yaling'ara, ndani yana rangi ya kijivu iliyofifia. Kwetu tulipikia vyungu na masufuria meupe ya alumini, na mwari aliyefunzwa alijulikana kwa sufuria zake. Nikajisemea kuwa hawa husugua panapoonekana na wageni tu.

Basi mama mkwe akaalika majirani chakula cha mchana, akataka nipike samaki wa kwetu.

"Jiko lako leo, mwanangu," akanambia. "Mie siingii. Nnakutegemea wewe."

Siku moja kabla nikaiteremsha sufuria kubwa uani, nikaikabili kwa mchanga, majivu na maganda ya ndimu. Nilisugua mpaka kucha zikauma. Ile rangi ya kijivu ikatoka yote, ndani pakawa pekundu, panametameta. Nikapika nguru kwa ukwaju mzito, nikamwacha alale humo humo, maana mchuzi wa ukwaju ukilala ndio unaokolea.

Wageni wakala. Jirani mmoja, mja mzito, akasema mchuzi wetu una ladha ya ufunguo mdomoni. Wenzake wakacheka, nami nikacheka, nikamwongezea. Mimi sikuwa nimekula; mpishi hula wageni wakishaondoka.

Kahawa haijamalizika, wa kwanza akashika tumbo. Halafu wa pili. Yule mja mzito alitapika ukutani, matapishi yana ukijani, akawa analia huku ameshika mimba yake kwa mikono miwili. Nilisimama na birika mkononi nisijue pa kuliweka. Mama mkwe, naye anatoka jasho la baridi, akaja jikoni akijishikiza ukutani, akainamisha sufuria kwenye mwanga.

"Nani kasugua ndani?"

"Mimi, mama. Ilikuwa chafu." Mungu anisamehe, nilisema kwa fahari.

"Ule si uchafu, mwanangu. Lile bati. Fundi hulitia kwa moto, shaba isigusane na chakula. Wewe umelivua, ukatia ukwaju. Ukwaju unaila shaba. Shaba ndio tulokula."

Nilitamani ardhi ipasuke initie ndani. Kuwalisha watu sumu ilikuwa aibu ya kutosha, lakini kuwalisha kwa sababu uliwaona wachafu, hiyo sikuwa na jina lake.

Wengine walipata nafuu upesi. Yule mja mzito akabaki kitandani, ananyweshwa maziwa ya mbuzi. Nikampelekea uji, mama yake akasimama mlangoni na kuchukua bakuli, mimi hakuniruhusu kuvuka kizingiti. Wanawake wakamwambia mama mkwe anipeleke Kuwait kwa mume wangu, au japo anitoe jikoni. Yeye akaipeleka sufuria kwa fundi. Mimi kila alfajiri niliswali nikimwombea yule mtoto aliye tumboni, nikijua kuwa likimtokea jambo, hakuna atakayeweza kunitetea, hata mama mkwe.

Mtoto alizaliwa salama. Arubaini ya uzazi ilipokwisha, mama mkwe akawaalika wanawake wale wale. Sufuria ilikuwa imerudi kutoka kwa fundi, ndani kijivu kitupu.

"Pika nguru," akanambia. "Wa ukwaju."

Nilimwomba anisamehe nipike kitu kingine, wali mtupu, chochote.

"Pika."

Sinia likawekwa na hakuna aliyenyoosha mkono. Mama mkwe akanita nikae ubavuni pake, mbele ya wageni, jambo ambalo halikuwa desturi. Akamega nguru, akala, akalamba vidole. Macho yote yakahamia kwangu. Hata yule aliyekuwa mja mzito, sasa mtoto mapajani, alikuwa akinisubiri mimi.

"Kula, mwanangu," mama mkwe akasema taratibu, kwa Kiswahili chetu.

Nilijua bati ni jipya. Nilikuwa nimelitazama mwenyewe asubuhi, mara kwa mara. Lakini nikakumbuka ule ukijani ukutani, na mkono wangu haukuinuka kutoka pajani.

Mama mkwe alinitazama mara moja tu. Kisha akamega kipande kingine, akala peke yake.