Mkono Uliofumwa kwa Hasira

Katika chumba cha kupigia pasi cha hoteli moja, wenzake walimwita Mvuke. Si kwa ajili ya pasi tu, ingawa mashuka ya hoteli nzima yalipita mikononi mwake tangu akiwa msichana. Walimwita hivyo kwa sababu ya hasira zake. Zilipanda ghafla, zikamuunguza aliyekuwa karibu, kisha zikatoweka hata mwenyewe asijue zilikokwenda. Asubuhi angemfokea mtu kwa kukunja foronya mshazari, na chai ikifika angemmegea mtu huyohuyo mkate wake.

Ila kulikuwa na hasira moja iliyogoma kutoweka, na hiyo alikuwa nayo na wifi yake, mke wa mdogo wake wa kiume. Chanzo, tuseme kweli, kilikuwa sweta.

Mvuke alikuwa hodari wa kufuma. Alikuwa amemfumia wifi yake, ambaye ni muuguzi, sweta la kijani lenye mifuko mikubwa, na kila aliyeliona alilisifu. Basi siku moja, akiwa kwenye foleni benki, akaliona sweta lilelile mbele yake, mifuko ileile, vifungo vilevile, mwilini mwa bibi kizee asiyemjua. Akamgusa bega kumuuliza. Bibi, kwa furaha tele, akaeleza kwamba muuguzi mmoja mwenye moyo wa dhahabu alimpa siku alipotoka hospitali. Mwingine angejivuna. Mvuke alitoka kwenye foleni, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa wifi yake, akamkuta na wageni, na mbele ya wageni hao akasema yanayosemeka na yasiyosemeka. Wifi naye si bubu. Ulimi hauna mfupa, na siku hiyo ndimi mbili zilifanya kazi bila kupumzika. Tangu hapo wakawa hawasemezani.

Mwaka ukapita. Ndipo mdogo wake alipokuja kumwona, akakaa kwenye kiti bila hata kukiegemea.

"Dada, nimehamishwa kazi. Tunahama mwisho wa mwezi, mimi na mke wangu. Ni mbali, juu milimani huko, kuna baridi ya kung'ata mifupa."

"Nendeni salama," alisema Mvuke, akijifanya anatafuta kijiko.

"Sikuja kuagwa. Nyie wawili ndio ndugu nilionao. Mkiachana hivi, mjue mmeachana moja kwa moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, dada, na mimi ukuta huo sitaki kuuona."

Alipoondoka, Mvuke alilia. Alimpenda sana wifi yake, hilo ndilo lililomuuma. Akapiga moyo konde: ataenda kumuaga. Lakini mkono mtupu haulambwi, na yeye zawadi aliyoijua ilikuwa moja tu.

Siku yake ya mapumziko akaanza kuzunguka madukani. Duka la kwanza liliuza nyuzi katikati ya ndoo na vitasa vya milango. Mwenye duka, bwana mwenye maneno mengi, aliapa kwamba uzi wake ni sufu ya kondoo asilia. Mvuke akaomba kiberiti, akachoma ncha ya uzi. Sufu ikiungua hunuka kama nywele. Ule uzi uliyeyuka, ukanuka mfuko wa plastiki.

"Kondoo wako huyu alizaliwa kiwandani," akamwambia, akaondoka zake.

Duka la pili lilikuwa na vioo na feni, na bibie aliyeketi kwenye kaunta alikuwa na msemo mmoja: "Usishike." Sasa uzi usioshikwa unanunuliwaje? Hata chungwa watu hubonyeza. Mvuke alihisi joto likimpanda shingoni, akakumbuka safari yake ni ya amani, akatoka bila kuaga.

La tatu lilikuwa nyuma ya banda la fundi cherehani. Mama mmoja mnene aliuza nyuzi humo, na paka wake alikuwa amelala ndani ya kapu la madonge, hivyo mteja ilimbidi amhamishe kwanza. Nyuzi zilikuwa laini za kuweka shavuni. Mvuke akachagua rangi ya zambarau, ambayo wifi yake aliipenda kufa.

"Unamfumia nani?" aliuliza mama wa duka.

"Adui yangu."

"Basi chukua huu, ni laini zaidi. Adui humfumii kitu cha kumkwaruza."

Kazi ikaanza. Alifuma wakati wa chai, alifuma akisubiri mashuka yakauke, alifuma huku chungu kikitokota. Mgongo ukatoka vizuri, kifua kikafuata, na mkono wa kulia ukateremka umenyooka. Alikuwa akiimba.

Ndipo mwenzake wa meza ya pasi, mwanamke asiyejua kukaa na neno mdomoni, akamletea habari: "Wifi yako kasikia unamfumia. Anasema safari hii uje na sweta pamoja na mlinzi wa kulichunga."

Mvuke hakujibu kitu. Alijisifu hata kwa kunyamaza kwake. Lakini mdomo ulinyamaza, vidole vikasema. Mkono wa kushoto aliufuma siku zilizofuata akivuta uzi kwa nguvu kila kitanzi, meno yameumana. Idadi ya vitanzi ilikuwa ileile ya mkono wa kulia, na kwa hiyo hakuwa na shaka yoyote.

Siku moja kabla ya wenyewe kuondoka, alipangilia vipande kitandani ili aviunge. Mkono wa kushoto ulikuwa mfupi kwa kiganja kizima, mwembamba, tena mgumu wa kuweza kusimama wima peke yake. Aliuvuta, akaulowanisha, akaupigia pasi kwa ujuzi wake wote. Haukurefuka hata inchi. Muda wa kuufuma upya haukuwepo. Akaushikiza hivyohivyo kwa mishono michache, akaketi, akajichukia. Angeendaje kuomba amani na ushahidi wa hasira yake mkononi?

Hata hivyo alikwenda. Lori lilikuwa mlangoni, mdogo wake akifunga kamba za magodoro. Ndani, wifi alikuwa akizungushia sahani magazeti. Wakaangaliana.

"Karibu, wifi," alisema muuguzi kwa sauti ndogo.

Mvuke akamkabidhi furushi. Wifi akalifungua, akaliweka sweta shavuni, akalivaa. Mkono wa kulia ukaingia vizuri. Wa kushoto ukakwama kwenye kiwiko. Akavuta, akasukuma, akabaki mkono umeinuka hewani.

"Wifi, mkono huu uliufuma lini?"

"Nilipoletewa maneno yako ya mlinzi."

Wifi akajikalia juu ya sanduku. "Niliyasema, kweli. Nilisikia unanifumia, nikaogopa kufurahi bure. Na lile la kijani, wifi, nililivua mwilini mwangu. Yule bibi alikuwa anatetemeka, na kabati langu zima halikuwa na kitu cha joto kama hicho."

"Ungeniambia tu. Ningemfumia la kwake, na wewe ukabaki na lako."

"Ulinipa nafasi ya kusema?"

Machozi yakamtoka Mvuke. "Sikukupa," akasema. "Nisamehe."

Wifi akamfuta machozi kwa ule mkono uliopita vizuri. Kisha akatoa mkasi mdogo mfukoni, akaanza kukata mishono begani, mmoja mmoja, taratibu, kama anavyotoa nyuzi kwenye kidonda kilichopona. Mkono mgumu ukaanguka mapajani mwake. Akamrudishia mwenyewe.

"Huu baki nao. Ufumue, uufume upya ukiwa umepoa, halafu uje nao. Usimpe mtu akuletee. Nataka uje wewe."

"Na wewe utavaa nini kwenye baridi yote hiyo?"

"Nitavaa hilihili."

"La mkono mmoja?"

"Ndiyo. Hili hata nikitaka kumgawia mtu, nani atalipokea?"

Mvuke alicheka mpaka akakosa pumzi, akaegemea rundo la sufuria, zikaporomoka zote kwa kishindo. Mdogo wake akaja mbio akidhani vita vimeanza upya, akawakuta wameshikana, wanalia na kucheka kwa pamoja. Akarudi kwenye kamba zake bila kuuliza, ila alisikika akipiga mluzi.

Lori likaondoka. Dirishani ulitoka mkono usio na sweta, ukapunga na kupunga. Kabla halijakata kona, Mvuke alikuwa amekwishaipata ncha ya uzi, na palepale barabarani akaanza kufumua.