Padri Aliyejimwagia Maji Ng'ambo

Jamani, njiani nimeona vituko vingi. Lakini padri mzima, na kanzu yake nyeupe, kuchuchumaa ukingoni na kujimwagia maji kichwani kama aliyerukwa na akili, hiyo nimeiona mara moja tu.

Sitaki kuiona tena.

Ilikuwa masika, njia ya Kilambo. Bonde limejaa, daraja limelala chini ya maji. Nimekwama pale na mzigo wangu wa mikeka.

Ikaja bodaboda kutoka kijijini, watu wamepakizana mishikaki. Mbele Idrisa dereva. Katikati mwalimu Rebeka. Nyuma jirani yake, Mwajuma, amemshika kiuno asidondoke.

Rebeka ni mtu wa Njombe, kazi ndiyo ilimleta huku. Alikuwa amejifungua jana yake, kabla ya siku zake. Ndani ya kitenge, kifuani, kichanga cha kiume kinahema kwa shida, mbavu zinaingia ndani.

Muuguzi wa zahanati alishamwambia wazi: hapa sina mashine, awahishwe Mtwara. Asubuhi Rebeka alimpigia simu mumewe, Kelvin, yuko kazini bandarini. Kelvin akampigia paroko. Halafu mtandao ukakata.

"Madamu, hapa hapapitiki," Idrisa alisema. "Tukiingia, pikipiki inakuwa samaki."

Hakuna aliyecheka.

Rebeka alitazama maji, akamtazama mwanawe. Hospitali alishaikatia tamaa, usoni ilionekana. Kilibaki kitu kimoja tu: mtoto asiondoke bila kubatizwa.

"Katekista wenu je?" niliuliza.

"Yuko semina Masasi, mzee wangu."

Mara ng'ambo ikasimama gari ya parokia. Padri akashuka.

Rebeka akapiga magoti kwenye tope. "Asante Yesu. Kafika."

Kafika wapi! Katikati yetu maji yanavuma, yanapita na magogo. Padri anafungua mdomo, tunamwona, sauti haifiki.

Rebeka akamnyanyua mtoto juu, aonekane.

Hapo ndipo padri alipochuchumaa. Akachota maji kwa kiganja, akajimwagia utosini. Akatunyooshea kidole. Akachota tena, akajimwagia tena.

"Huyu kapagawa," Idrisa alisema.

"Koma wewe!" Rebeka akamkemea. "Anayabariki maji ili tuvuke."

Mwajuma ni Mwislamu, mambo ya parokia hayajui. Akauliza tu kama jirani. "Shoga, kwetu mtoto anaadhiniwa na baba yake, babu yake, aliyepo. Nyie lazima mpaka yule?"

"Lazima padri, dada. Au katekista. Mimi ni nani?"

"Si mama yake?"

"Mama siyo padri."

Basi tukakaa. Huku tunapunga mikono, kule padri anajimwagia maji, kanzu imemganda mwilini. Mwishowe akaacha, akakimbia kando ya maji kutafuta mtumbwi.

Rebeka alimpepea mwanawe kwa ncha ya khanga. "Ngoja, baba. Anakuja. Ngoja kidogo, baba yangu."

Mtoto hakungoja.

Hakulia, hakushtuka. Mbavu ziliingia ndani, hazikurudi.

Mwajuma aliona wa kwanza. Akamfunika uso kwa kitenge. Rebeka akakifunua. Mwajuma akafunika tena, Rebeka akafunua.

Mtumbwi ulipokaribia, padri aliruka haujagusa hata nchi kavu. Akasema kwa mazoea, "Tumsifu Yesu Kristo."

Hakuna aliyeitikia.

"Mmembatiza?"

Rebeka akamkodolea macho. "Ambatize nani, Baba? Wewe si ulikuwa ng'ambo?"

"Nilikuwa nakuonyesha, mama! Mwagia maji, mwagia! Mtoto akiwa hatarini, mtu yeyote anabatiza. Wewe. Huyu mzee." Akamgeukia Mwajuma. "Hata huyu mama, kama ana nia ya kufanya linalofanywa na Kanisa."

Maji yalikuwa yanatulamba vidole vya miguu.

Rebeka akasema polepole, "Nililikariri hilo kwenye katekisimu, Baba. Nani anaweza kubatiza. Siku ya kipaimara askofu aliniuliza hilohilo, nikajibu, watu wakapiga makofi. Sikujua kumbe lilikuwa linanisema mimi."

Padri akasema, "Mungu hafungwi na maji. Ulimtakia ubatizo. Atampokea."

"Sawa, Baba. Lakini mimi nilifungwa."

Tulimzika jioni ile, padri akasali kila sala aliyoweza. Kelvin alifika kesho yake, akakuta udongo mbichi. Alimuuliza mkewe mtoto alifanana na nani. Rebeka akamkabidhi kile kitenge.

Ndugu yangu unayesoma, uwe wa dini yoyote, uliza mapema ni lipi umeruhusiwa kulifanya kwa mkono wako mwenyewe. Usijue kujibu tu. Ujue kwamba ni wewe unayesemwa.

Maneno yenyewe padri alitufundisha sote palepale makaburini, Mwajuma na Idrisa wakiwemo. Unamwaga maji, unamtaja jina, unasema: nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu.

Nimeyasema mara nyingi njiani, peke yangu na mikeka yangu. Yanaisha ndani ya pumzi moja.

Na yule mtoto, walipofika pale ukingoni, alikuwa bado anazo nyingi.