Msiba wa Golikipa wa Mkata

Kilichoninyima usingizi hakikuwa kuachwa kazi. Hilo nililielewa: muda wa majaribio uliisha, wenzangu wakapewa mikataba, mimi nikashukuriwa. Kilichonikesha ni swali moja tu. Nikishuka stendi ya Mkata na begi langu kubwa, katikati ya wauza machungwa wanaonijua tangu natambaa, nitasema nini? Nilitunga majibu mengi, nikayakataa yote. Nikaendelea kukaa kwenye chumba changu cha kupanga mjini Korogwe, nikitoka asubuhi nimevaa kama mtu wa ofisini ili mama mwenye nyumba asiniulize. Mpaka siku niliyosikia mvulana mtaani akimzomea mwenzake aliyekuwa golini, nikamkumbuka Mjomba Sefu.

Mjomba, mdogo wake mama, alikuwa golikipa wa timu yetu ya Mkata. Alikuwa na viganja vipana, na mahindi yakivunwa ndiye aliyepokea magunia kutoka juu ya lori bila kuyumba. Lakini mwaka ule, nikiwa darasa la tatu, mikono ilimkataa. Mpira ulimpita kwapani, ukampita miguuni, mara moja ulimgonga kichwani ukaingia wenyewe. Mashabiki waliokuwa wakimbeba mabegani wakabadilika. "Sefu, funga miguu, mbuzi watapita!" "Gunia unadaka, mpira unaukwepa, una meno?" Mimi nilikaa kwenye nyasi nimekodoa macho, nikiamini kwamba nikipepesa macho tu, goli litaingia.

Asubuhi ya mechi na vijana wa Mkumbara, kocha alisimama barazani kwa fundi cherehani akasoma majina ya wachezaji. La mjomba halikuwamo. Wengine walipiga makofi. Mmoja akasema afadhali, mwenzake akamjia juu: "Afadhali nini? Mwaka juzi nani aliyedaka penalti ukalia kama mtoto?" Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mjomba aliwaacha wakibishana. Alirudi nyumbani, akafunga mlango wa chumba chake, akawa hatoki ila kwenda shamba alfajiri na kurudi kiza kikishaingia. Chakula nilichompelekea kilirudi kama kilivyokwenda. Niliwasikia wazazi wakinong'ona kwamba anataka kuhama, aende kwa watu wasiomjua. Kwangu huo ndio ulikuwa mwisho wa dunia.

Ndipo akaja Mama Zubeda. Aliuza machungwa stendi, na ukoo wake na wetu ni watani tangu enzi za mababu. Kwetu mtani ana ruhusa ya kucheka hata msibani, na hakuna wa kumkasirikia. Mchana mmoja, siku ambayo mjomba hakwenda hata shamba, aliingia uani kwetu na wanawake wenzake, kanga viunoni, wamebeba glovu kuukuu za mjomba juu ya ungo. Wakatandika mkeka mbele ya mlango wake, wakaangua kilio. "Uwii, Sefu! Umekwenda, na goli umeliacha wazi!" Mama alijaribu kukaza uso, akashindwa, akajificha jikoni.

Kilio kilikuwa kizuri mno. Mzee mmoja tusiyemjua, aliyekuwa akipita na baiskeli, alisikia. Akaiegemeza mchongomani, akaketi mkekani kwa adabu.

"Poleni sana wafiwa. Marehemu aliugua?"

"Aliugua magoli, mzee wangu," Mama Zubeda akajibu huku akijifuta machozi yasiyokuwepo. "Yalimwingia mfululizo."

Mzee akainamisha kichwa, akafungua viganja kumwombea. Hapo mlango ukafunguka. Mjomba alisimama kizingitini, ndevu hazijanyolewa. Hakuweza kuacha mtu mzima amwombee dua ya maiti.

"Shikamoo mzee. Marehemu ndiye mimi."

Mzee alimtazama kuanzia miguuni mpaka utosini. "Marahaba. Basi kama umefufuka, nipe maji ya kunywa. Nimetoka mbali."

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Mjomba alicheka mpaka akashika nguzo, kisha machozi ya kweli yakamtoka, na hakuna aliyemsema. Mama Zubeda alikamata jogoo wetu kama haki yake ya mtani, jogoo akachinjwa, tukala ugali pamoja na yule mzee. Mjomba alimaliza sahani. Mechi iliyofuata alisimama kando ya uwanja na mashabiki walewale waliomzomea. "Sefu, kaburini umepewa ruhusa?" "Nimekuja kuona mnavyohangaika bila mimi!" Kipa mpya alipofungwa, sauti ya kwanza ilikuwa yake: "Inuka, mdogo wangu, bado mapema!"

Mjini nilipoachwa kazi nilitumiwa "pole" kwenye simu, kisha kimya. Hakuna aliyenizomea, wala hakuna aliyetandika mkeka mlangoni kwangu. Nawashukuru watu wa Mkata kwamba hawakumwacha mjomba afie chumbani kwa aibu.

Basi nikafunga begi, nikapanda basi la asubuhi. Mkata nilishuka mchana kweupe, nikaenda moja kwa moja kwenye meza ya machungwa kabla hata ya kufika nyumbani.

"Shikamoo Mama Zubeda. Nimeachwa kazi. Nimekufa."

Alinitazama, akatazama begi. Akaweka kisu chini, akavua kanga ya begani, akaifunga kiunoni.

"Jamani njooni," akawaita wenzake, "tuna msiba."